Roboti na Shokoa: Teknolojia, Kazi na Utu katika Bunilizi za Karel Čapek

Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili akiulizwa neno 'roboti' limo katika ngeli gani, aghalabu husita. Wapo wasemao 'roboti hii imeharibika' na wapo wasemao 'roboti huyu ameharibika'. Wa kwanza huichukulia roboti kuwa mashine. Wa pili humwona kuwa mfano wa kiumbe chenye uhai. Suala hili laweza kuonekana dogo, la kujadiliwa dakika chache katika darasa la mofolojia kisha likasahaulika. Hata hivyo, ndilo swali ambalo mtunzi aliyelileta neno hilo ulimwenguni alilijengea tamthilia nzima zaidi ya miaka mia moja iliyopita: kiumbe aliyeumbwa ili afanye kazi tu ahesabiwe kuwa nani, au kuwa nini?

Mtunzi huyo ni Karel Čapek, Mcheki aliyeishi kati ya 1890 na 1938. Msomaji wa Kiswahili hulitumia neno lake bila kumjua mwenyewe. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi Čapek alivyoyatazama mahusiano ya teknolojia na jamii, hasa katika tamthilia yake ya R.U.R. (1920) na riwaya yake ya Válka s mloky, yaani 'Vita na Masalamanda' (1936). Hoja inayoendelezwa ni kwamba bunilizi za kisayansi za Čapek hazihusu mashine kwanza. Zinahusu kazi: nani huifanya, nani huifaidi, na jinsi jamii inayotamani kazi bila mfanyakazi inavyoishia kumhamisha binadamu kutoka ngeli ya watu hadi ngeli ya vitu.

Mwandishi na Zama Zake

Čapek alizaliwa tarehe 9 Januari 1890 katika kijiji cha Malé Svatoňovice, eneo la Bohemia, ambalo enzi hizo lilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Alisomea falsafa mjini Prague na kuhitimu shahada ya uzamifu mwaka 1915. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimwepusha na kuandikishwa jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vilivyowaangamiza vijana wengi wa rika lake. Ingawa hakupigana, aliyashuhudia matokeo yake. Sayansi ambayo karne ya kumi na tisa iliisifu kuwa mkombozi wa binadamu ilikuwa imeleta gesi ya sumu, bunduki za rashasha na ndege za kivita.

Mwaka 1918 taifa jipya la Chekoslovakia lilizaliwa. Čapek alijiunga na gazeti la Lidové noviny mwaka 1921 na kuliandikia hadi mwisho wa maisha yake. Alikuwa pia rafiki wa Rais Tomáš Masaryk, ambaye alikuwa mmoja wa waliohudhuria mazungumzo ya kila Ijumaa nyumbani kwa mwandishi huyo. Ni muhimu kuizingatia taaluma hii ya uanahabari, kwani inaeleza mtindo wake. Čapek hakuandika kuhusu sayari za mbali. Alilichukua jambo moja lisilokuwepo, akaliweka katikati ya dunia ya kawaida yenye makampuni, magazeti, mabunge na bei za soko, kisha akatazama watu watafanya nini nalo.

Asili ya Neno

Katika gazeti hilohilo, mwaka 1933, Čapek alisimulia jinsi neno 'roboti' lilivyopatikana. Alipokuwa akiitunga R.U.R. alitafuta jina la viumbe wake wa kazi. Alifikiria neno lililotokana na Kilatini lenye maana ya kazi, lakini akaliona la kivitabu mno. Akamwendea kaka yake Josef, aliyekuwa mchoraji, akamkuta mbele ya turubai akiwa ameuma brashi mdomoni. Bila kuacha kuchora, Josef akamjibu awaite 'roboti'. Hivyo basi sifa za uundaji wa neno hilo ni za Josef, na Karel mwenyewe hakuchoka kulisema hilo.

Kiini cha neno ni nomino ya Kicheki 'robota'. Huko Bohemia robota ilikuwa kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia kabaila mwenye ardhi bila ujira, kwa siku kadhaa za kila juma. Mwaka 1775 wakulima waliasi, na amri ya mwaka huohuo ikaweka kikomo cha siku tatu kwa juma kwa waliolemewa zaidi. Robota haikufutwa kabisa hadi 1848, wakati wa mababu wa Čapek. Kwa hiyo mtazamaji wa kwanza wa tamthilia hii hakusikia neno la maabara. Alisikia neno la shamba, la jasho na la manung'uniko ya wazee.

Kiswahili kinalo neno linalokaribia sana maana hiyo, nalo ni 'shokoa': kazi ya kulazimishwa, isiyo na malipo. Laiti wafasiri wangeifasiri dhana badala ya kuutohoa mtamko, roboti angaliitwa 'mshokoa' au jina jingine la aina hiyo, na labda mjadala wa ngeli usingalikuwepo. Utohozi umetupatia neno jepesi, lakini umetunyang'anya kumbukumbu iliyomo ndani yake. Vilevile si haba kukumbuka kwamba neno hili, ambalo leo limo katika lugha nyingi za dunia, lilitoka katika lugha yenye wasemaji wachache, iliyoishi muda mrefu chini ya kivuli cha Kijerumani.

R.U.R.: Kazi bila Mfanyakazi

Tamthilia ya R.U.R. ilichapishwa mwaka 1920 na kuigizwa katika Jumba la Maigizo la Taifa mjini Prague tarehe 25 Januari 1921. Mwaka 1922 iliigizwa New York na mwaka uliofuata London. Herufi za anwani yake ni kifupi cha jina la kampuni ya kubuni: Roboti wa Kilimwengu wa Rossum. Jina la Rossum lenyewe linachezea neno la Kicheki lenye maana ya 'akili'.

Mandhari ni kisiwa chenye kiwanda. Rossum mzee, mwanafiziolojia, alikuwa amegundua dutu inayofanana na chembe hai na akataka kumuumba mtu ili kuthibitisha kwamba Mungu hahitajiki. Rossum kijana, mhandisi, hakuwa na haja na mjadala huo. Aliutazama mwili wa binadamu kwa jicho la mhasibu na kuondoa kila kisichosaidia uzalishaji: furaha, muziki, matembezi, hofu ya kifo. Kilichosalia ni roboti. Ikumbukwe kuwa roboti wa Čapek si wa chuma. Wana nyama, mishipa na ngozi, na kwa sura hawatofautiani na watu. Picha ya roboti wa mabati ilikuja baadaye, na Čapek mwenyewe aliilalamikia.

Onyesho la kwanza linaujenga utata huu kwa ucheshi. Helena, binti wa rais, anafika kisiwani kama mjumbe wa shirika linalotetea haki za roboti. Anakutana na karani Sulla na kukataa katakata kuamini kwamba ni roboti. Muda mfupi baadaye wanaingia wakurugenzi wa kiwanda, naye anawadhania kuwa roboti na kuanza kuwahubiria ukombozi. Hadhira hucheka, lakini kicheko hicho kina mwiba: kama mtu wa nia njema hawezi kumtambua mtu, tofauti inayodaiwa kuwepo iko wapi?

Mkurugenzi mkuu, Domin, ana ndoto ambayo haifai kupuuzwa. Anaamini kwamba roboti watashusha bei za vitu hadi umaskini utoweke, na kwamba binadamu, akiisha kuachiliwa kutoka kwa kazi, atajishughulisha na kuukamilisha utu wake. Čapek hamchori kama mtu mwovu. Wakurugenzi wote sita wana sababu zinazoeleweka, na hapo ndipo ubora wa tamthilia ulipo. Maangamizi hayaletwi na fisadi mmoja anayeweza kukamatwa. Yanaletwa na watu wenye heshima, kila mmoja akitimiza wajibu wake, huku wenye hisa wakidai faida na serikali zikiagiza roboti wa kupigana vitani.

Dalili za hatari zinapoonekana, husomwa vibaya. Mara kwa mara roboti hushikwa na hali ya ghafla: husaga meno, hutupa alichokishika na kukataa kufanya kazi. Wataalamu huiita hitilafu ya mashine, na roboti wa namna hiyo hupelekwa kwenye kinu kuvunjwavunjwa. Helena peke yake anauliza kama hiyo si roho inayojitokeza. Daktari Gall, kwa upande wake, anataka roboti waweze kuhisi maumivu, kwa sababu asiyehisi maumivu hujiumiza na kuitia kampuni hasara. Hata uchungu umeingizwa katika hesabu za kiwanda.

Mapinduzi yanapokaribia, Domin anabuni hila. Badala ya kiwanda kimoja, kila nchi ijenge chake na kuunda roboti wa kitaifa, wenye rangi na lugha tofauti, wasioelewana na wanaochukiana daima. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hila hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu. Wagawe uwatawale ni mbinu iliyotumiwa na tawala nyingi za kikoloni, na lugha ilikuwa mojawapo ya zana zake. Domin amechelewa, hata hivyo. Roboti wamekwisha kuungana, na wanadamu wanauawa wote isipokuwa mmoja, mjenzi Alquist. Roboti wanamwacha hai kwa sababu moja tu: alifanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Hapo kinaya kinakamilika. Helena alikuwa ameichoma hati ya siri ya Rossum, na roboti hawawezi kuzaa. Washindi wanamsihi Alquist awatafutie siri ya uhai, naye haijui. Suluhisho linatoka mahali pasipotarajiwa. Roboti wawili, Primus na mwingine aitwaye Helena, kila mmoja anajitoa afe badala ya mwenzake. Alquist anatambua kwamba hao si roboti tena, anawaacha waende zao, na tamthilia inafunga kwa taswira ya Adamu na Hawa wapya. Kwa Čapek, basi, kiumbe huingia katika ngeli ya watu si kwa namna alivyotengenezwa wala kwa akili yake, bali pale maisha ya mwenzake yanapokuwa na thamani kuliko yake mwenyewe.

Tamthilia hii haikosi dosari. Mhusika Helena amepewa huruma nyingi na hoja chache, na uamuzi wake mkubwa kuliko yote, wa kuichoma hati, anaufanya kwa siri na kwa hofu. Aidha, shirika lake linawatetea roboti bila kuwahi kuwauliza wanataka nini. Haibainiki kama Čapek analikejeli kosa hilo au analishiriki.

Vita na Masalamanda: Soko, Elimu na Silaha

Miaka kumi na sita baadaye, Čapek alilirudia suala hilohilo kwa kejeli kali zaidi. Salamanda ni mnyama wa jamii ya chura, mwenye mkia mfano wa mjusi. Katika riwaya, nahodha van Toch anagundua katika ghuba moja karibu na Sumatra aina ya salamanda wakubwa wenye akili. Anawapa visu wajikinge na papa, nao wanamletea lulu. Anaporudi Prague kutafuta mtaji kwa tajiri G. H. Bondy, bawabu Povondra anasita kidogo mlangoni, kisha anamruhusu kuingia.

Nahodha akiisha kufariki, mapenzi yake kwa viumbe hao hufa pamoja naye na biashara hushika hatamu. Masalamanda wanakamatwa, wanasafirishwa melini na kuuzwa kwa madaraja: viongozi, wa kazi nzito, wa kazi ndogondogo, hadi daraja la takataka. Bei zao hutangazwa kama za pamba au shaba. Msomaji aijuaye historia ya masoko ya watumwa ya Zanzibar au ya Bahari ya Atlantiki hatashindwa kuitambua lugha hiyo. Wanasayansi nao wanawapasua kwa majaribio, wanasheria wanajadili kama wanaweza kushtakiwa, na wasomi wanabishana wafundishwe lugha gani.

Kipengele cha lugha kinastahili kuangaliwa kwa makini na msomi wa Kiswahili. Katika bustani ya wanyama ya London, salamanda mmoja anajifunza kusema kwa kuwasikiliza watu na kusoma magazeti. Jopo la wataalamu linapomhoji, majibu yake yote ni matangazo ya biashara na vichwa vya habari alivyovisoma. Wataalamu wanahitimisha kwamba akili yake haifai kustaajabiwa, maana haizidi ile ya mtu wa kawaida wa zama hizo. Mshale wa kejeli haumlengi salamanda. Unamlenga binadamu ambaye naye, kwa muda mrefu, hajasema neno lililo lake.

Hatimaye mataifa yanawapa masalamanda silaha, kila taifa likiwaandaa wake dhidi ya jirani. Masalamanda wanaongezeka, wanahitaji pwani zaidi, na wanaanza kuyabomoa mabara ili wapate maji ya kina kifupi. Hata hapo viwanda vya wanadamu vinaendelea kuwauzia baruti, kwani mikataba ni mikataba. Mchimba kisima ameingia mwenyewe. Katika kurasa za mwisho, bawabu Povondra, ambaye sasa ni mzee, anaona kichwa cha salamanda katika mto Vltava ndani ya Prague, naye anajilaumu kwa kuufungua mlango siku ile. Katika riwaya iliyojaa mabepari, majenerali na wanadiplomasia, ni bawabu peke yake anayekubali kuwajibika.

Čapek aliandika hayo huku Hitler akiimarisha utawala wake katika nchi jirani. Mnamo Septemba 1938, mjini Munich, mataifa makubwa ya Ulaya yalikubali Ujerumani iimege Chekoslovakia. Čapek alifariki tarehe 25 Desemba mwaka huohuo. Majeshi ya Ujerumani yalipoingia Prague mnamo Machi 1939, polisi wa siri walifika nyumbani kwake kumkamata bila kujua kwamba alikuwa amekwisha kufa. Josef, aliyelibuni neno 'roboti', alikamatwa mwaka huo na kufia katika kambi ya Bergen-Belsen mnamo Aprili 1945. Mtu aliyelipa jina tatizo la kazi ya lazima aliyamaliza maisha yake katika mfumo wa makambi ulioigeuza kazi ya lazima kuwa njia ya kuua.

Čapek na Msomaji wa Kiswahili

Čapek hakuandika kuhusu Afrika Mashariki, na si haki kumlazimisha aseme asichosema. Hata hivyo, kalenda ina mafunzo yake. Mwaka 1919, muda mfupi kabla R.U.R. haijachapishwa, Gavana Edward Northey alitoa waraka nchini Kenya uliowataka maafisa na machifu kuwahimiza Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Katika kipindi hichohicho ilianza kutekelezwa sheria ya 1915 ya kipande, cheti ambacho mfanyakazi alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Ndoto ya mikono inayofanya kazi bila mtu anayedai haki haikuwa ya kubuni tu.

Fasihi ya Kiswahili nayo imeutumia ulimwengu wa kubuni kuihoji jamii. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, anampeleka mhusika wake kwa chombo cha angani hadi kwenye jamii ya usawa. Mkangi anaonyesha kinachoweza kujengwa. Čapek anaonyesha kinachobomoka. Wote wawili hukitumia chombo cha kisayansi kama ungo wa kupepetea mambo ya hapa duniani, na utafiti linganishi wa kazi zao ungekuwa na tija.

Zipo pia sababu za leo. Mashine zinazozungumza kwa kusoma yaliyoandikwa na watu, ambazo kwa Kiswahili zimeanza kuhusishwa na istilahi za 'akili unde' na 'akili mnemba', zinamkumbusha msomaji yule salamanda wa London. Lakini fundisho la Čapek liko nyuma ya mashine. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili programu ya aina hiyo ifunzwe kuyaepuka. Mtumiaji huiona mashine yenye adabu. Hamwoni kijana aliyeyasoma machafu hayo kwa niaba yake. Pale inaposemwa kwamba kazi imefanywa na mashine, msomaji wa Čapek atauliza: na shokoa imefanywa na nani?

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Čapek aliitazama teknolojia kama kioo cha mahusiano ya kazi. Katika R.U.R., anayetaka mfanyakazi asiye na roho hujikuta akiishi na roho asizozitambua. Katika 'Vita na Masalamanda', kila mtu anafaidika kidogo hadi wote wanapoteza kila kitu.

Tukirudi kwenye ngeli, Kiswahili kina ushahidi wake. Neno 'kijakazi' lina umbo la KI-, umbo ambalo hutumika kudunisha. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili husema 'kijakazi amefika', si 'kijakazi kimefika'. Bwana alimnunua kama kitu na jina lake likapunguzwa, lakini upatanisho wa kisarufi ukaendelea kumshuhudia kuwa mtu. Kicheki nacho kinatofautisha: roboti wa Čapek huchukua wingi wa viumbe hai, ilhali mashine za viwandani za leo huweza kupewa wingi wa vitu. Roboti ya chuma inayochomelea magari inaweza kukaa kwa amani katika I-ZI. Jambo la kuchunga ni kwamba yule anayefanya kazi nyuma yake asihamishiwe huko pamoja nayo.